Barua Unayokwenda Kuitafuta Haipo

Paskali mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda Rhotia kumuaga bibi yako, na mimi nimebaki jikoni na sufuria la maharage ya ngwara ambalo halitaki kuiva. Kalamu niliyoiona ni hii yako ya kijani, unisamehe. Nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona tu nitaanza kukuuliza kama umeshiba, na haya ninayotaka kusema nitayameza tena kama nilivyoyameza miaka yote. Barua nitaiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi lako. Kesho basi likishapita Makuyuni ndipo uifungue.

Mambo ya soksi, chandarua, na kutoshika simu karibu na dirisha la basi, hayo baba yako atakusomea mpaka umkimbie. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili mezani shangazi yako alikuuliza kwa nini umekubali kazi katika ofisi ya serikali inayokagua redio, ileile iliyomfungia mama yako kipindi. Ukamjibu huku unacheka, "Shangazi, ndiyo naenda kuitafuta ile barua. Kule lazima kuna faili. Nikiipata tu naipiga picha, namletea maza aiweke kwenye fremu." Wote wakacheka. Baba yako akapiga meza kwa furaha. Mimi nikainuka nikasema naenda kutazama chai, na chai ilikuwa imeshaletwa.

Paskali, hiyo barua haipo. Usiitafute. Hakuna mtu wa serikali aliyenikataza kurusha sauti ya yule mama wa Endulen. Niliikataza mwenyewe, halafu nikasema ni serikali.

Nimeandika maneno hayo, nikainuka kuongeza maji kwenye ngwara, nimerudi nimeyakuta bado yapo. Basi naendelea.

Utauliza kwa nini. Hapo ndipo barua itakapokuwa ndefu, maana na mimi sijui vizuri. Nikianza kulisimulia kutoka mwanzo naona nilikuwa na sababu. Nikianza kutoka mwisho naona nilikuwa mwoga, basi. Na katikati kuna mambo ambayo mpaka leo yananichanganya kichwa, na bahati mbaya wewe ndiye uliyeajiriwa kuyaelewa.

Nianze na Bwana Lohay. Unamkumbuka, yule wa duka la dawa za mifugo, aliyekuwa akikupa pipi ukitoka shule na kukuuliza hesabu za kuzidisha? Siku moja ulikuta duka limefungwa, ukaja kuniuliza kaenda wapi, nikakwambia amehama. Ni kweli alihama. Sikukwambia nani alimhamisha.

Wakati huo redio yetu ilikuwa bado changa, vyumba viwili juu ya duka la saruji na mabati la Mzee Hamadi. Mzee yule, mtu wa Kondoa, alianzisha redio kama wenzake wanavyonunua lori. Alitaka awe nayo, mengine tutajua mbele ya safari. Kipindi cha jioni kilikuwa changu. Uchaguzi ulipofika hatukuwa na utaratibu wowote. Aliyepanda ngazi kwanza ndiye aliyesema, na aliyejua kusema ndiye aliyesema sana.

Bwana Lohay alikuwa anagombea udiwani. Mpinzani wake akaja kwenye kipindi changu, moja kwa moja hewani, na nikampa saa nzima. Alikuwa na maneno matamu, simu zinapigwa hazikatiki, mimi najiona mtangazaji wa maana. Akasema dawa za Lohay ni feki, zimeua mbuzi kule Arash. Unajua nilimuuliza nini? Sikumuuliza kitu. Nilicheka. Alilisema kwa mzaha, kwamba Lohay anataka kura za binadamu kwa sababu mbuzi wameshakufa wote, na mimi nikacheka hewani, Karatu nzima ikasikia.

Kesho yake Bwana Lohay akapanda ngazi amebeba katoni mbili za dawa. Alitaka nisome maandishi ya kwenye chupa hewani, na jina la daktari wa mifugo wa kumpigia. "Mama Paskali, nipe dakika tano tu," alisema. Nikamwambia nafasi zimejaa mpaka uchaguzi upite. Zilikuwa zimejaa kweli, nilikuwa na ratiba mkononi. Akazibeba katoni zake, akateremka nazo.

Hakuna aliyenunua kwake tena. Baada ya muda alifunga, akarudi kwao Mbulu na mke na watoto. Baadaye tukaja kusikia kwamba mbuzi wa Arash walikufa kwa ugonjwa uliokuwa umepita kwenye zizi moja hadi jingine, hata kwa watu ambao dawa za Lohay hawajawahi kuzishika. Hilo halikutangazwa na mtu. Hata mimi sikulitangaza.

Sasa unielewe hapa. Kabla ya uchaguzi uliofuata ofisi hiyo ya serikali ilituita Arusha kwenye semina. Tukaambiwa kwamba kila chama kipewe nafasi sawa, kwamba mtu akisemwa vibaya aitwe ajibu, na kwamba tuandike dakika za kila upande, mkaguzi atapita kuangalia. Wenzangu walinung'unika sana. Mtangazaji mmoja wa Babati alisema, "Hapa tunazibwa midomo kistaarabu." Nikamkatiza mbele ya watu wote. Nikamwambia wewe humjui Lohay. Na kweli ukumbini hakuna aliyemjua.

Mimi utaratibu ule niliupenda, Paskali. Niliupenda kwa moyo wote. Yule wa Babati nilimwona mjinga, na leo nikimfikiria naona hakuwa mjinga hata kidogo, ingawa na mimi sikuwa nimekosea. Tulikuwa sahihi wote wawili, au tulikosea wote wawili. Ukipata jibu huko uniandikie.

Nikanunua kaunta buku, nikaipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Upande huu chama tawala, upande huu wapinzani, chini jumla ya dakika. Lazima unakumbuka, maana hata nyumbani niliwatesa. Wewe na dada yako Neema mkigombana mezani nilikuwa naweka saa ya mkononi kando ya sahani. "Paskali dakika mbili. Haya, Neema dakika mbili." Neema alikuwa akimaliza yake mapema, anakaa kimya kwa makusudi ili zisipotee, na wewe unapiga kelele kwamba kimya hakihesabiwi. Baba yako alisema nyumba imekuwa Bunge.

Mkaguzi wa kwanza alikuwa msichana wa umri wako wa sasa. Alivaa viatu vyeupe, vumbi letu jekundu likavimaliza siku hiyohiyo. Akafungua kaunta buku, akafunua kurasa moja moja. Akasema hajaona daftari safi kama lile tangu aanze ziara, naomba nipige picha nikawaonyeshe wengine. Kichwa kikanivimba. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara. Hakuwa mtu mbaya yule binti. Alikuwa mpole, anauliza, anasikiliza. Nakuandikia hili kwa sababu kwenye hadithi uliyokua nayo watu wa ofisi ile ni watu wenye sura ngumu, na sura hizo ni mimi niliyewachorea.

Sasa Naserian. Hilo ndilo jina lake. Wewe umekuwa ukimwita yule mama wa Endulen, na nilikuacha umwite hivyo, kwa sababu jina linanichoma.

Alikuja siku ya mnada, kwenye ile Land Rover kuukuu inayoleta watu kutoka Endulen, wamebanana na magunia. Alifika mlangoni mwa studio akavua viatu. Nikamwita yeyo, mama kwa lugha yao, nikamwambia ingia tu navyo, akakataa. Kwao pampu ya kisima ilikuwa imekufa miezi mingi. Wanawake walikuwa wanatoka na punda kabla jua halijachomoza, wanashuka bondeni kwenye maji ya nyati na tembo, wanarudi mchana. Diwani wao kila akipita anasema fundi yuko njiani. Alichotaka kusema kilikuwa hicho tu. Hakumtukana mtu, wala hakumsifu mgombea yeyote. Nilimrekodi dakika sita. Kiswahili chake cha kuungaunga, lakini alisema kwa mpangilio kuliko wagombea wote niliowahi kuwaweka kwenye kiti kile. Nikamwambia itasikika wiki hiyohiyo, jioni, baada ya taarifa ya habari.

Alipoondoka nikafungua kaunta buku, nikakwama. Nimwandike wapi? Kulikuwa na pande mbili tu. Amemlalamikia diwani, diwani ni wa chama tawala, basi nikamwandika kwa penseli upande wa wapinzani. Na hapohapo nikakumbuka kwamba chini ya shuka lake alikuwa amejifunga kanga ya chama tawala, mpya kabisa. Nikafuta. Nikamwandika upande wa pili. Nikafuta tena. Karatasi ikaanza kutoboka. Mama anataka maji, na mimi namtafutia chama.

Nikaona bora nimtafute diwani ajibu, kama tulivyofundishwa. Simu akapokea meneja wake wa kampeni, kijana mmoja mchangamfu sana. Nikamweleza. Akauliza, "Kwa hiyo mama, bila sisi kuja huwezi kuirusha, si ndiyo?" Nikamwambia natakiwa kuwa na pande zote mbili. Akacheka. "Basi hatuji, mama yangu. Kazi njema."

Nilishika simu mkononi kama mjinga. Sheria niliyoipenda kwa ajili ya Lohay, mtu ameigeuza mbele ya macho yangu ikawa kufuli, na ufunguo anao yeye. Ukitaka jambo lisisikike, usije tu.

Hapa ndipo ningetaka kuacha kuandika. Ningeachia hapa ungesema masikini mama, alibanwa. Lakini nilimpigia yule binti mkaguzi. Namba yake aliniachia mwenyewe. Akanijibu bila kufikiri mara mbili, kwamba mama, sema hewani umemwita akakataa, halafu rusha. Nafasi amepewa, ameikataa mwenyewe, nawe andika hivyo kwenye daftari. Nikamshukuru. Nikakata simu.

Jibu nililipata, Paskali, kutoka ofisini kwao kwenyewe, kwa Kiswahili chepesi. Na sikurusha.

Nikamwendea Mzee Hamadi chini dukani. Nilitaka anikataze. Nakuambia ukweli, nilisimama pale kati ya mabati namwomba Mungu anikataze. Akanitazama juu ya miwani. "Mama Paskali, mimi nauza saruji. Mambo ya huko juu unayajua wewe." Hata yeye akanikosesha mtu wa kumlaumu.

Kwa nini basi? Nimejiuliza mara nyingi sana. Niliogopa, hilo lipo. Diwani yule ndiye aliyekuwa anarudi madarakani, kila mtu alijua, na baba yako alikuwa anapeleka watalii kreta kila wiki, sikutaka jina letu lianze kutajwatajwa. Lakini hofu peke yake ningeishinda. Aibu yenyewe ni ndogo kuliko hofu, ndiyo maana sijawahi kuisema. Ilikuwa ni ule ukurasa. Wiki ile pande zote mbili zilikuwa zimelingana dakika kwa dakika, na ukaguzi wa mwisho ulikuwa unakuja. Dakika sita za Naserian zingekaa upande mmoja peke yake, na pembeni ningelazimika kuandika maelezo marefu kwa mkono. Ukurasa ungechafuka. Nilikuwa nimeshapigiwa picha, unanielewa? Nilitaka nipigiwe tena.

Kila jioni niliweka viti viwili studio, nikijiambia labda leo watakuja. Kiti cha pili kilikaa kitupu hadi siku ya kampeni kufungwa. Kisha uchaguzi ukapita, na habari ya zamani nani airushe?

Tena kuna hili, na hili ndilo linanichanganya kabisa. Katikati ya wiki hiyo mtu wa upinzani alisikia kwamba nina sauti ya mama anayelalamikia maji. Akaja kuiomba, wakaipige kwenye spika za mkutano wao. Nikamfukuza, na nilijivuna sana kwamba nimemfukuza. Naserian hakuja kwangu ili awekwe kwenye gari la chama ambacho si chake. Sawa. Lakini ningempa yule bwana, wale wa Endulen wangemsikia mwenzao. Nilifanya vizuri nikamdhuru, ndivyo? Nigeuze vipi mpaka likae sawa? Nimeshindwa.

Yaliyobaki uliyaona mwenyewe, ingawa hukujua unaona nini. Ulikuwa kidato cha pili, nimekupeleka mnadani kununua viatu vya shule. Naserian akatuona kutoka upande wanakouzwa mbuzi, akaja moja kwa moja. Hakuwa na hasira, na hilo nililiona tangu mbali.

"Mama Paskali, sauti yangu mimi mliweka wapi?"

Nikauliza sauti gani, jitu zima mimi.

"Ile ya pampu. Mimi niliita watu boma langu. Wazee, wanawake, wote. Tumekaa na redio jioni tatu. Ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu wanasema huyu mama ametudanganya, hajafika redio, alienda Karatu kula nyama. Sasa mkutano wa kijiji nikinyoosha mkono wanasema, wewe ongea redioni."

Na nikasema, wewe ukiwa pembeni umeshika boksi la viatu, "Yeyo, serikali imekataa. Ilikuja barua."

Ilitoka tu. Sikuipanga. Ninachokikumbuka ni kwamba ilitoka laini kabisa, kwa sababu ni kitu ambacho kila mtu yuko tayari kukiamini, hata mimi nilikiamini kwa muda ule niliokuwa nakisema. Naserian akasema, "Kama ni serikali, basi." Kisha akaniwekea mkono begani. "Pole na wewe." Alinipa pole, Paskali. Mimi.

Njiani ukaniuliza, mama, kweli serikali imekuandikia? Ulikuwa na macho makubwa. Ulikuwa hujawahi kunitazama vile. Nikasema ndiyo.

Ukamsimulia baba yako, baba yako akawasimulia madereva wenzake, na kabla ya Krismasi watu wa kanisani walikuwa wananishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida. Kipindi kilipokuja kuondolewa watu wakasema si mnaona, wamemfungia. Mzee Hamadi alikiondoa kwa sababu vijana walitaka mpira na muziki. Sikuwahi kusema kwamba nimefungiwa. Nilijitia hamnazo tu, nikaacha wengine waseme. Ukanikuza hivyo, na mimi nikakua.

Ningeendelea kukaa kimya, sikufichi. Lakini uliniambia kwamba kwenye usaili walikuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, ukawasimulia habari ya mama yako. Ukaingia ofisini kwao ukawaambia kwamba walimnyamazisha mama yako, na bado wakakuajiri. Nilipolisikia hilo ndipo niliposhindwa. Umekwenda kuwadai watu kitu ambacho mimi ndiye niliyekiiba, na wao wamekuvutia kiti.

Sijui kama utataka kuwaambia. Usiniulize, mimi si mtu wa kuulizwa jambo kama hilo. Ila najua utakaa kule na hedifoni masikioni, utasikiliza redio ndogondogo za watu kama sisi, na kwenye meza yako zitafika kurasa kama zangu. Ukikuta redio imempa mtu mmoja saa nzima na mtangazaji anacheka, mkumbuke Bwana Lohay na katoni zake, usimwonee huruma mtangazaji huyo. Na ukikuta ukurasa msafi, pande zimelingana kabisa, tafadhali mwanangu, usiupige picha. Piga simu uulize ni nani aliyerekodiwa wiki hiyo hakurushwa. Mwenye ukurasa atanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Mimi ningenyamaza. Angenipigia mtu wakati ule na kuniuliza hivyo, nadhani ningelia nikamwambia yote. Au ningedanganya vizuri zaidi. Kweli sijui.

Wala sisemi sheria hiyo ni mbaya. Sisemi ni nzuri. Iliwekwa kwa ajili ya watu kama Lohay, na nikaitumia kwa Naserian. Labda haijui kupima mtu asiye na upande. Labda inajua, ni mimi niliyekuwa sijui. Kila nikifika hapa nazunguka kama punda wa kinu, nikaona leo nikuachie nawe uzunguke kidogo.

Pampu ilitengenezwa, usije ukadhani bado wanashuka bondeni. Ilitengenezwa mwaka uliofuata, na aliyesimama mkutanoni kupokea shukrani alikuwa mwanamume ambaye hakuwahi kupanda ngazi yangu. Kwa hiyo zile dakika sita hazina tena kazi ya maji. Kilichobaki kuharibika ni neno la Naserian mbele ya watu wake. Dereva wa Land Rover ananiambia mpaka leo hanyooshi mkono.

Kesho tukishakupandisha basi nitapanda Land Rover ya Endulen. Kuna mkutano wa kijiji chao mchana, na dereva ameshaniombea nafasi ya kusema, akawaambia mama wa redio ana jambo. Naserian anajua nakuja, hajui kwa nini. Amenitumia salamu kwamba atanichemshia maziwa. Baba yako nitamwambia stendi, basi likishaondoka, ili akasirike na mimi peke yangu, wewe ukiwa mbali. Nitasimama mbele ya wale wazee niseme hakukuwa na barua, mwenzenu alikuja, alisema, na ni mimi niliyemficha. Halafu nitawapigia sauti yake. Hawatanipa pole safari hii.

Na wewe nimekuchagulia siku mbaya, najua. Unaondoka na mama mmoja, ukipita Makuyuni unakuwa na mwingine. Ukichukia, chukia. Usishuke njiani tu. Nenda kaianze kazi yako bila ile hadithi, uone kama bado unaipenda.

Ile rekoda ya zamani niliificha kwenye debe la maharage ya mbegu, na betri nilinunua juzi. Miaka yote sijawahi kuisikiliza. Leo ulipotoka kwenda Rhotia nikafunga mlango, nikaiwasha. Nilidhani inaanza na habari ya pampu. Haianzi hapo. Kwanza kiti kinalia, kisha shanga za mikononi zinagonga meza, najisikia nikimwomba asogee karibu na maiki. Halafu Naserian anauliza, taratibu, "Mimi nikisema hapa, wale wa nyumbani watasikia kweli?"

Na sauti yangu inamjibu palepale, nyepesi, bila wasiwasi wowote, "Watakusikia, yeyo. Wewe sema tu."

Mama yako